Mipira ya Mkunga

Niliomba mpira kwa Mkunga mpaka nikaona haya kuomba tena. Alinipa mbegu za bamia, alinipa mbuzi yake ya kukunia nazi alipopata nyingine, siku moja alinipa hata pazia. Mpira akaninyima. Nasema mpira wa ndani, ule mmea wa kwenye ndoo wenye majani mapana, manene, yanayong'aa, ambao ukivunja jani yanatoka maziwa. Nyumba kadhaa za Makorora zilikuwa nao, na yote ilitoka kwake. Mimi niliyepakana naye ukuta kwa ukuta sikuwa nao. Nilitaka kujua kwa nini, na mimi nikitaka kujua jambo hata chakula hakinipiti.

Huyu mama alikuwa mkunga wa zahanati umri wake wote wa kazi, na nilipohamia pale alikuwa ameshastaafu. Jina lake lilijulikana na hakuna aliyelitumia. Wanaume wenye ndevu zao walikuwa wakipita mlangoni kwake wanapunguza sauti, maana yeye ndiye aliyewaona wa kwanza, wakiwa hawana hata kitambaa. Akitaka kumnyamazisha mtu alimwambia tu, "Wewe ulitanguliza miguu, mpaka leo hujanyooka." Basi mtu anaondoka zake. Ukimuuliza habari za kwao, nani kazaliwa na nani, alikujibu kwamba ameota hapo hapo barazani kama uyoga. Nikaacha kuuliza hayo. Ya mipira sikuacha.

Mimi nakaanga vitumbua. Tangu watu watoke swala ya alfajiri mpaka jua likolee nipo barazani kwangu na chuma changu cha vitumbua, na kutoka pale hakuna aliyeingia wala kutoka kwa Mkunga nisimwone. Wanaoniita mdaku hawajanisingizia. Kwa hiyo haya ninayoyasema sikuhadithiwa.

Alikuwa mrefu, mkavu, anatembea mikono nyuma kama bado anakagua wodi. Kitu cha kijani kwenye sahani hakukitaka. Mchicha, kisamvu, matembele, vyote alivisukuma pembeni akisema yeye si mbuzi. Kuku aliwaogopa. Mtu aliyekata vitovu vya watu miaka na miaka, akiona kuku kaingia uani anapanda juu ya kiti na kuniita mimi nije nimfukuze. Na maua hakuyataka kabisa. Nilimpelekea mche wa asumini, akaupokea kwa adabu, akaugawa siku hiyo hiyo. "Ua linakuja kujionyesha," aliniambia. "Likishaonekana linakwenda zake. Mpira upo tu. Unaingia chumbani unaukuta."

Alikuwa na tabia moja iliyonichosha zaidi ya zote. Ile ya chumvi. Uko mwaka ambao kila alfajiri, kabla sijakoroga unga, alinigongea ukuta kwa ngumi. Nikienda dirishani anauliza kama nina chumvi ya kumwazima. Nampa. Kesho tena, ukuta ngo ngo ngo, chumvi. Nikawa najiuliza mtu mmoja anapika nini kinachokula chumvi yote hiyo, na mbona hatembei mpaka dukani, hatua chache tu. Siku nyingine niliijibu ngumi kwa ngumi. Hakukasirika. Alisema, "Haya, umeamka," akapokea chumvi yake.

Chumba chake cha mbele kilijaa mipira. Mikubwa ilikaa kwenye ndoo za rangi, midogo kwenye masufuria yaliyotoboka na makopo ya maziwa, yote yametobolewa chini kwa msumari wa moto ili maji yasisimame. Ule mkubwa kuliko yote, mama yao, ulikuwa ndani ya nusu ya pipa karibu na dirisha, umeshakatwa mara nyingi na bado unakwenda darini. Udongo aliuagiza Pongwe, ule mwekundu, ukaletwa kwenye kiroba na kijana wa bodaboda, na hakuupokea mpaka aunuse. Aliuchanganya na samadi ya mbuzi iliyokauka. Maji ya kisima hakuyatumia, kwa kuwa kisima chetu kina chumvi na majani huungua pembezoni. Alingoja ya bomba, na bomba likikatika alingoja mvua. Kabla ya kumwagia alitumbukiza kidole kwenye udongo. Udongo ukikishika kidole, hamwagii.

Namna yake ya kuzalisha mipira nilijifunza kwa kuchungulia. Alichagua tawi lililonyooka, la unene wa kidole gumba, akalimenya ganda mahali padogo, kuzunguka tawi zima. Hapo sasa ndipo ungecheka. Huyu mama aliyeona damu ya kila namna, maziwa ya mpira yalimtia kichefuchefu. Aligeuza uso, akafumba macho, akasema bismillahi, akapapasa majivu ya mkaa na kuyagandamiza pale penye jeraha mpaka maziwa yakauke. Akishajikaza akafunika jeraha kwa makumbi ya nazi yaliyolowekwa na kukamuliwa, juu yake mfuko wa plastiki, rambo, akafunga juu na chini kwa kamba ya katani. Katani Tanga haijawahi kuwa shida. Shida ilikuwa rambo. Tangu zipigwe marufuku alizificha zake chini ya godoro, zimekunjwa vizuri, na akitoa moja alichungulia dirishani kwanza kana kwamba anatoa bangi.

Halafu tawi linaingia arubaini. Ndivyo alivyosema mwenyewe. Kama mzazi hatolewi nje arubaini yake haijaisha, tawi nalo halifunuliwi, haliguswi, wala wageni hawaelezwi. Mtu akiuliza mle ndani ya rambo kuna nini, alijibiwa, "Mgonjwa." Mizizi myeupe ilipoonekana inasukuma mfuko kwa ndani, ndipo alipokata chini ya fundo na kupanda kwenye ndoo. Kisha anatafuta nyumba ya kuupeleka.

Hapo kwenye nyumba ndipo nilipokuwa sielewi. Alikuja mama mmoja na gari lake, anataka mipira miwili ya sebuleni, kapendeza, kanukia, salamu zake nzuri. Mkunga akamwambia, "Bado haijazaliwa, mwanangu." Na nyuma ya mgongo wake imesimama mipira kibao. Yule mama akaitazama, akamtazama Mkunga, akaaga. Nilipomuuliza mbona kadanganya mchana kweupe, akaniambia vitumbua vyangu vinaungua.

Lakini kwa Fundi alipeleka mwenyewe bila kuombwa. Fundi ni mshona nguo wa mtaa wa pili, mkewe alikuwa amefariki, na wala hakuwa mtu wa mimea. Kwa Bi Mdogo alipeleka. Huyu ni mke wa baharia anayekaa miezi melini, na ujauzito wake wa kwanza ulikuwa umeharibika. Kwa Mzee wa Vitambaa alipeleka, mzee wa Kiarabu aliyefunga duka, watoto wake wote wakahamia Maskati. Kila mmoja aliachiwa maneno yale yale mlangoni: "Mpira haupendi kuhamishwa. Utapukutisha majani mawili matatu, usidhani umekufa. Unanung'unika. Uache unung'unike, ukimaliza utatoa jani jipya."

Na baada ya hapo hakuuacha. Kila siku chache alilowesha kipande cha kanga kuukuu akatoka, mikono nyuma, kwenda kuifuta majani mipira yake. Alisema yangu, mipira yangu, kana kwamba wenye nyumba wamepangishwa tu. Na watu walivyokuwa wakimharibia. Dada yake Bi Mdogo alipoolewa, wanawake waliweka chetezo cha udi chini ya mpira ili chumba kinukie, moshi ukapanda majanini siku nzima. Mkunga alipoingia akakuta majani yote chini. "Nani kamfukiza huyu?" akauliza. "Anaolewa yeye?" Wakacheka, yeye hakucheka. Bi Mdogo naye alicheka, na tangu ujauzito ule nilikuwa sijamsikia akicheka.

Fundi alifanya vizuri zaidi. Idi ilikuwa inakaribia, akataka chumba kipendeze, akachukua mafuta ya nazi akaupaka mpira jani kwa jani, kama anavyopakwa mtoto akitoka kuoga. Kwa siku moja uling'aa kweli. Kisha vumbi la barabarani likaganda na sisimizi wakapanda kwa mstari. Siku hiyo nilifuatana na Mkunga, nimembebea ndoo ya maji ya sabuni. Alimwambia Fundi maneno ambayo sitayarudia, akaanza kufuta kutoka majani ya chini. Alipofika katikati, bila kugeuka, akamuuliza, "Jana ulikula nini?"

Fundi alichezea tepu yake ya kupimia. "Chai," akasema.

Mkunga akaendelea kufuta. Kesho yake mchana akanipa sahani ya wali wa nazi na samaki, imefunikwa, nimpelekee Fundi, niseme amepika kingi. Mimi nikapeleka, nikarudi, na udaku wangu wote sikushika kitu.

Nilikuja kuelewa siku magoti yake yalipomshinda. Aliniita, akanipa kile kipande cha kanga kikiwa kimeloweshwa tayari. "Nenda kwa Fundi kafute majani. Anza ya chini. Utazame jikoni kama kuna majivu ya leo. Kwa Mzee wa Vitambaa utazame dawa zake za presha, zinapungua au ziko vile vile. Kwa Bi Mdogo usiulize kitu. Kaa tu. Akilia mwache alie, wewe futa polepole."

Nilisimama mlangoni, kitambaa kinanidondokea mguuni. Kumbe miaka yote ile alikuwa kazini. Zahanati ilimstaafisha, yeye hakustaafu. Nani angemruhusu mama wa watu aingie nyumba kwa nyumba kuuliza nani kala, nani kameza dawa? Fundi na majivuno yake angemfungia mlango. Lakini mtu aliyekuja kufuta mmea wake mwenyewe, utamfukuzaje?

Nilimwambia kwamba nimemgundua. "Umegundua nini?" akasema. "Nafuta vumbi. Mpira wenye vumbi haupumui."

Niliifuta mipira yake kama alivyoniagiza, na kila nilipofuta niliumia zaidi. Kwa sababu sasa swali langu lilikuwa jingine. Kama mpira ulikwenda kwa mtu ambaye hali yake inatia hofu, basi mimi je? Ule mwaka mume wangu aliponiacha akaenda kuoa Pangani, nilikaanga vitumbua macho yamevimba, na wateja waliona. Nilikuwa nalala na njaa, na mimi ndiye ninayeuza chakula. Mkunga alikuwa ukuta wa pili na mipira imejaa chumbani. Hakuleta hata jani. Nilimpenda yule mama, sisemi uongo, ndiyo maana lilinikaa rohoni. Nikajiambia hakuniona.

Kisha binti wa kaka yake akaja kumchukua, akampeleka kwake Kigombe. Magoti yalikuwa yamekwisha na macho yamefunga ukungu. Mipira iliyobaki ikagawanywa siku ya kuhama, watu wakawa wengi, mimi nikawa nafunga mizigo kwa kamba. Nilipoinua kichwa ndoo zote zilikuwa zimekwenda. Aliingia garini akaniambia nisimwachie kuku aingie ndani, na nyumba yenyewe ilikuwa haina mtu tena.

Nilimfuata Kigombe baada ya Ramadhani, na vitumbua vyangu kwenye bakuli. Mtoto wa kaka yake alinipokea mlangoni, uso umemsawijika. "Dada, anasema amelala."

Kutoka ndani sauti ikaja, ya Mkunga kabisa: "Mwambie nimelala."

Yule binti akanisogeza pembeni. Akaniambia watu wa Makorora wamekuja mmoja mmoja na wote wamerudishwa. Ati wanakuja kumwangalia, na yeye si maiti ya kuangaliwa. Mbaya zaidi, hali chakula. Sahani inaingia inatoka vile vile. Akiulizwa anasema ameshakula, na nani atamwambia mama yule kwamba anasema uongo? Nikaacha vitumbua pale nikarudi. Njia nzima nilikuwa na hofu, nikijua hasa ninachokihofia. Mtu akigoma kula kwa umri ule hagomi mara nyingi.

Nilikwenda kwa Fundi kumweleza. Naye alikuwa karudishwa mlangoni, na gauni la kanga alilomshonea akarudi nalo. "Anaona haya," Fundi akasema. "Kazoea kuwa yeye ndiye anayekuja." Nikautazama mpira wake pale pembeni, ule wa mafuta ya nazi, umeshapona na kuzidi. Nikamwomba tawi.

La kwanza nililiua. Nilimenya ganda, nikatia majivu, nikafunga makumbi na rambo moja niliyoiokota kwenye nyumba ya Mkunga walipohama, kila kitu sawasawa. Kisha nikashindwa kukaa. Kila nikipita kwa Fundi nafungua fundo kidogo, nachungulia kama mizizi imetoka, nafunga. Makumbi yakakauka, tawi likakauka. La pili Fundi alinikataza kuingia chumbani. Nikija nina shida naye tunazungumza barazani, mimi nanyoosha shingo, yeye anavuta pazia. Arubaini ikaisha, na bado akaningojesha. Siku aliyoniita, mizizi ilikuwa imejaa mfuko.

Nilikwenda Kigombe kwa bodaboda, ndoo mapajani, mpira nimeufunika kanga usipigwe na upepo. Mtoto wa kaka yake akafungua mlango, akafungua na mdomo aniambie kalala. Nikamtangulia, kwa sauti ya kufika ndani. Nikasema sikuja kwa Mkunga. Nimeleta mpira wangu nitafute mahali pa kuuweka, kwangu hakuna mwanga.

Kutoka ndani: "Umetoka kwa yupi?"

"Kwa ule wa Fundi."

"Ule wa mafuta ya nazi?"

"Huo huo."

"Ulete."

Alikuwa amekaa kitandani, amekonda mpaka shingo imekuwa ndefu. "Shikamoo, Mkunga." "Marahaba." Hakunitazama mimi. Alinyoosha mikono, nikamsogezea ndoo, akaanza kupapasa, jani, shina, akashuka mpaka chini. "Nani kakata hapa?"

"Mimi."

"Umekata vibaya." Akatumbukiza kidole kwenye udongo. "Udongo mzuri. Maji?"

"Ya bomba."

Nikaona bora niseme sasa hivi, nisije nikarudi nalo tena Makorora. Nikamwambia, "Mkunga, watu wote uliwapa. Mimi ule mwaka wangu, hukuniona?"

Aligeuka, macho yale ya ukungu yakanitafuta. "Wewe nikupe mpira wa nini? Wale ilibidi niende. Wewe nilikuwa nakusikia ukutani." Akapapasa jani lile lile. "Nikisikia umelia halafu kimya, nagonga. Chumvi yako nimekuja nayo, makopo mawili, iko uvunguni. Mimi chumvi nimekatazwa na daktari zamani."

Nililia hapo hapo, naye akaniacha nilie. Nilipomaliza nikamwambia, huku Kigombe hatuna ukuta.

"Hatuna," akasema. Akaonyesha dirishani kwa kidevu. "Weka pale. Si hapo, hapo unapigwa na upepo wa chumvi. Pale. Utapukutisha majani."

"Najua. Utanung'unika."

"Basi uwe unakuja kuufuta. Na usichelewe, vumbi la huku jingi." Akamwita binti alete kitambaa kibichi, akaamuru nipewe mimi.

Nilipiga magoti mbele ya ndoo nikaanza na majani ya chini. Nilipofika katikati, bila kugeuka, nikamuuliza jana alikula nini.

Alikunja pindo la shuka, akalikunjua.

"Chai," akasema.

Nikaendelea kufuta.